Kiharusi na nusu mbili za ubongo: maswali kutoka Lamu

Daktari, mama yetu hapa Langoni amepata kiharusi. Tumeambiwa damu imeziba upande wa kushoto wa ubongo. Mbona mkono na mguu uliolegea ni wa kulia?

Pole sana, dada. Nyuzi nyingi za neva zinazoendesha misuli huvuka upande wa pili pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo. Nusu ya kushoto ndiyo inayoongoza mkono wa kulia.

Na kusema je? Jirani yetu alipooza kushoto, lakini anazungumza.

Kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi nusu ya kushoto. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyebakiwa na tamko moja, "tan", ilhali akielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika mbele, upande wa kushoto.

Huenda mama naye anawaelewa. Tafadhali msimzungumzie kana kwamba hayupo. Mwamkieni kama zamani, muulizeni maswali ya kujibu kwa kichwa, kisha mngojeeni. Wengine hushindwa kuomba maji lakini husoma Alhamdu yote, kwa kuwa maneno yaliyozoeleka tangu utotoni huweza kusalimika. Akisoma, msidhani kwamba anaposhindwa kusema anajifanya.

Huyo jirani mtazameni anapokula. Nusu ya kulia ikiumia, mtu huweza kuacha wali wa upande wa kushoto wa sahani. Hajashiba, ubongo wake hauujali upande ule.

Ni kweli kushoto ni kwa hesabu, kulia kwa ushairi?

Hapana. Nusu hizo zimeungwa na nyuzi zipatazo milioni 200, na mtunzi wa shairi huzitumia zote mbili.

Kiharusi kikirudi tena, tuanze kwa kumwombea nyumbani?

Ombeni mkiwa njiani. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, ondokeni saa hiyo hiyo, hata dalili zikipita. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya picha ya ubongo, maana kipo pia kiharusi cha mshipa kupasuka. Kwenu kisiwani kuna pia muda wa kuvuka bahari hadi Mokowe, upande wa bara. Shikeni saa dalili zilipoanza, mwambieni daktari. Msimpe chakula, maji wala aspirini.