Je, wajua kwa nini kilima cha kifusi kiliifukia shule ya Aberfan?

Ukitaja maafa ya mgodi wa makaa ya mawe, wengi hufikiria yaliyo chini ya ardhi: gesi imelipuka, mwamba umeporomoka, wachimbaji wamenaswa na familia zao zinangoja juu. Aberfan, kijiji cha kusini mwa Wales, ni kinyume kabisa. Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba 1966, waliokuwa chini ya mgodi wa Merthyr Vale walikuwa salama. Waliokufa walikuwa juu, wengi wao wakiwa madarasani. Walikufa watu 144, na kati yao 116 walikuwa watoto, hasa wa umri wa miaka 7 hadi 10. Wachimbaji walipandishwa kutoka shimoni, wakakimbilia shuleni kuwachimbua watoto wao wenyewe.

Kilichowafukia ni kifusi. Kila mgodi hutoa mawe na udongo usiouzika, ule ambao wachimbaji wa dhahabu wa Geita huuita magwangala. Bonde la mto Taff ni jembamba. Ardhi tambarare ilikwisha kuchukuliwa na nyumba, reli na mgodi wenyewe, kwa hiyo kifusi kilipandishwa mlimani na kumwagwa juu ya kijiji. Kufikia mwaka 1966 kulikuwa na vilima saba. Cha saba, kilichoanzishwa mwaka 1958, kilikuwa na kimo cha mita 34 hivi na ujazo wa karibu mita za ujazo 227,000. Chini ya mteremko huo palikuwa na Shule ya Pantglas.

Ukiuliza kwa nini kilima kilishuka, jibu la haraka ni mvua. Na kweli ilinyesha sana: katika wiki tatu za kwanza za Oktoba zilianguka takriban milimita 170. Jibu lililofanana na hilo lilitoka kwa mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, shirika la serikali lililomiliki mgodi, Lord Robens, siku chache baada ya msiba. Alisema chanzo ni chemchemi za asili zilizokuwa chini ya kilima, ambazo hakuna aliyezijua. Maelezo hayo yalienea, na hata leo kuna wanaosimulia Aberfan kana kwamba mlima uliamua wenyewe.

Hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu kosa hili linawaondolea watu dhima yao na kuitwika mawingu. Chemchemi zile zilijulikana. Zilichorwa kwenye ramani za serikali zilizochapishwa miaka mingi kabla ya toroli la kwanza la kifusi kumwagwa pale. Wenyeji walizijua kwa macho yao. Kilima cha nne kilikuwa kimewahi kuteleza mwaka 1944. Kilima cha saba chenyewe kiliteleza mwaka 1963, na mwaka huohuo mhandisi wa manispaa ya Merthyr Tydfil aliandika barua kuhusu hatari ya tope la makaa linalomwagwa nyuma ya shule za Pantglas. Mwaka 1965 akina mama walipeleka malalamiko ya maandishi kwa mwalimu mkuu kuhusu mafuriko yaliyokuwa yakifika shuleni. Kwa hiyo mvua ilikuwa sehemu ya kisa, lakini mvua ya namna ile inanyesha Wales tangu zamani. Jambo geni lilikuwa mzigo mkubwa uliowekwa juu ya chemchemi na mkondo wa kijito, ukaachwa ukue.

Lakini chemchemi peke yake haielezi ajabu yenyewe. Mawe na vumbi, vitu vigumu, vilitiririka mlimani kama maji, vikapita mashamba na tuta la reli ya zamani hadi kijijini. Inawezekanaje?

Fikiria ufukwe maji yanapokupwa. Mchanga mkavu wa juu ukiurundika, unajiwekea mteremko wake. Ukizidisha, unaporomoka kidogo na kusimama tena. Mchanga wenye unyevunyevu unasimama hata wima, na ndio watoto wanaoujengea nyumba. Sasa shuka hadi pale wimbi linapoishia. Mchanga wa hapo umejaa maji, lakini ni mgumu na unakubeba. Anza kuchezesha nyayo zako. Mara ule ugumu unapotea na miguu inazama hadi vifundoni, ingawa hukuongeza hata tone la maji.

Kilichotokea ni kwamba chembe za mchanga zilikuwa zimeegemeana, na kuegemeana huko ndiko kulikokubeba. Ulipozitikisa, zikataka kusogeleana, lakini maji yaliyojaa kati yake hayakuwahi kutoka. Yalibanwa, na kwa muda mfupi yakaubeba uzito wako badala ya chembe. Maji hayawezi kuzuia kitu kisiteleze, hivyo mchanganyiko wote ukawa kimiminika. Ukitulia, maji yanapenya na kuondoka, chembe zinakutana tena, na mguu wako unabanwa hadi uung'oe kwa nguvu.

Kilima cha saba kilikuwa katika hali hiyohiyo. Chini kililoweshwa na chemchemi, na juu kiliendelea kuongezewa mzigo. Ndani yake kulikuwa pia na tope laini lililobaki baada ya makaa kusafishwa, ambalo hushika maji na kuyaachia polepole mno. Asubuhi ile, kwenye saa moja na nusu, wafanyakazi walikuta kilele kimezama mita tatu hivi, na kikaendelea kuzama. Sehemu ya chini ilikuwa imeanza kukatika. Ilipokatika kabisa, saa tatu na robo, chembe zilizolowa zilisogeleana, maji yakabanwa na kubeba mzigo, na kifusi kikageuka kimiminika. Mita za ujazo zipatazo 110,000 zilishuka, na karibu 40,000 kati ya hizo zikafika kijijini. Kasi inakadiriwa kuwa kilomita 18 hadi 34 kwa saa, na wimbi lake kimo cha mita 6 hadi 9. Haya ni makadirio ya hesabu za baadaye, maana bonde lilikuwa limefunikwa na ukungu na wengi walisikia ngurumo bila kuona kitu.

Kisha ikaja ile hatua ya mguu kubanwa. Kifusi kiliposimama, maji yalianza kujitenga nacho na chembe zikashikana. Waokoaji walikuta kitu kizito kilichoganda, cha kuchimbwa kwa majembe na kwa mikono, huku maji ya mabomba yaliyopasuka yakizidi kuingia. Baada ya saa tano asubuhi hakuna aliyetolewa akiwa hai.

Kuna kisa kingine kinachorudiwa mara nyingi, kwamba wizi wa waya wa simu uliokuwa kilimani ndio uliozuia watu kuonywa. Waya ulikuwa umeibwa kweli. Lakini tume ya uchunguzi iliona kwamba hata kama simu ingekuwepo, onyo lisingefika kwa wakati. Onyo lililohitajika ni lile la 1944, la 1963 na la 1965.

Tume hiyo, chini ya Jaji Edmund Davies, ilikaa siku 76 na kusikiliza mashahidi 136. Ripoti yake ya Agosti 1967 iliitwika Bodi lawama. Ilisema wahusika hawakuwa waovu bali watu wema waliopotoshwa na upumbavu au ujinga, au vyote viwili, bila mwongozo wowote kutoka juu. Sheria ya migodi ya wakati huo haikuwa na kifungu kuhusu usalama wa vilima vya kifusi. Hakuna aliyeshtakiwa.

Kwa kijiji, msiba haukuisha kwa mazishi. Bodi ililipa pauni 500 kwa kila mtoto. Michango ya watu wa dunia nzima ilifika takriban pauni milioni 1.75, lakini tume ya serikali inayosimamia misaada ilitaka kwanza ichunguzwe kama kila mzazi alikuwa karibu kweli na mtoto wake kabla ya kupewa fedha. Jambo hili bado linaniuma kuliandika. Vilima vilivyobaki viliendelea kuning'inia juu ya wafiwa hadi wenyeji walipokwenda Cardiff na kumwaga tope katika ofisi ya serikali. Mwaka 1968 serikali ilikubali kuviondoa, ikachukua pauni 150,000 kutoka mfuko huohuo wa wafiwa. Zilirudishwa mwaka 1997 bila riba, na mwaka 2007 Serikali ya Wales ikatoa pauni milioni 2 zaidi.

Miaka 33 baada ya tukio, watafiti waliowahoji manusura walikuta karibu theluthi moja bado wana dalili za kiwewe. Waliohojiwa walikuwa 41 tu, hivyo takwimu hiyo isibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Utafiti mwingine ulionyesha kuwa katika miaka mitano baada ya maafa, vizazi viliongezeka kijijini, hata kwa wanandoa ambao hawakupoteza mtoto. Mahali pa shule pamekuwa bustani ya kumbukumbu, na makaburi ya watoto yana matao meupe yanayoonekana kutoka mbali. Oktoba 2016, miaka 50 ilipotimia, Wales nzima ilikaa kimya dakika moja saa tatu na robo asubuhi.

Mgodi wa Merthyr Vale ulifungwa mwaka 1989. Wales bado ina zaidi ya vilima 2,000 vya kifusi vilivyoachwa. Februari 2020 kimoja kiliteleza Tylorstown baada ya mvua kubwa na kuziba mto, bila kumdhuru mtu. Mwaka 2025 bunge la Wales lilipitisha sheria ya kuunda mamlaka maalumu ya kuvisimamia. Kwa kila kilima, la kuuliza kwanza ni maji: yanaingia wapi, na yanatokea wapi.