Mapafu yakishindwa kazi, oksijeni itapita wapi?

Mgonjwa akiwekwa kwenye mashine ya kupumulia, si ameshapata oksijeni?

Si lazima. Mashine ile inasukuma hewa hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu, basi. Kutoka hapo oksijeni inatakiwa kupenya yenyewe iingie kwenye damu. Nimonia kali ikivijaza vifuko hivyo majimaji na usaha, hewa inafika lakini haipenyi. Na ukizidisha nguvu ya kusukuma, mapafu yanajeruhiwa zaidi.

Kuna njia nyingine hospitalini?

Ipo ekmo. Damu hutolewa kwa mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au kinenani, hupitishwa kwenye pafu bandia lililo nje ya mwili, kisha hurudishwa ikiwa na oksijeni. Mwaka 1975, huko California, Dkt. Robert Bartlett alimwokoa hivyo mtoto mchanga aliyepewa jina la Esperanza, yaani Tumaini. Ekmo haitibu mapafu, huyapumzisha tu yapate nafasi ya kupona. Ni ghali, na mgonjwa anaweza kuvuja damu vibaya.

Nimesikia Wajapani wanapitisha oksijeni njia ya haja kubwa. Ni kweli?

Ni kweli, na ni utafiti wa dhati kabisa. Japani kuna samaki wa matopeni aitwaye dojo. Maji yakipungukiwa oksijeni, humeza hewa juu ya maji na kuifyonza kwa utumbo. (Kamongo wetu wa Ziwa Victoria naye huvuta hewa, ila yeye ana mapafu.) Mwaka 2021 mtafiti Takanori Takebe na wenzake walionyesha kwamba panya na nguruwe waliokosa hewa walipata nafuu walipowekewa kupitia njia ya haja kubwa, kama enema, kimiminika cha pafluorokaboni kinachobeba oksijeni nyingi. Mwaka 2025 yakatoka majibu ya wanaume 27 wenye afya. Wao waliwekewa kimiminika kisicho na oksijeni, kupima usalama tu, hadi lita moja na nusu. Waliopewa kingi walilalamika tumbo kujaa na kuuma. Kwa wagonjwa bado haijathibitishwa.

Naweza kujaribu nyumbani?

Hapana, tafadhali! Maji ya kawaida hayabebi oksijeni ya kutosha, na hewa ya kusukumwa inaweza kupasua utumbo. Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, midomo ikiwa ya bluu, mbavu za mtoto zikibonyea akivuta pumzi, au kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikisoma chini ya asilimia 90, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Njiani akae wima, msimlaze chali.