Mshahara wa Gavana: Ulegevu wa London Ulivyozaa Utawala wa Walowezi Marekani

Kwenye karatasi, gavana wa Massachusetts, koloni la Uingereza huko Marekani, alikuwa mtu wa mfalme: aliteuliwa London, na aliweza kukataa sheria au kulivunja baraza la wawakilishi. Lakini mshahara wake ulipigiwa kura na baraza hilohilo, mwaka hadi mwaka. Mkono mtupu haulambwi. William Burnet aliwasili Boston mwaka 1728 akiwa na agizo la kudai pauni 1,000 za kudumu kila mwaka. Wajumbe walikuwa tayari kumpa fedha za mara moja. Za kudumu, katu. Akahamishia kikao mji wa Salem ili wachoke. Hawakuchoka. Alifariki 1729 hajazipata, na miaka michache baadaye London ikaachana na dai hilo.

Ndivyo mambo yalivyokwenda enzi za Robert Walpole, waziri mkuu wa Uingereza (1721–1742): biashara isivurugwe, basi. Sheria ya 1733 ilitoza peni 6 kwa kila galoni ya molasi, yaani shira nzito ya miwa, kutoka visiwa vya Karibi visivyo vya Waingereza. Molasi ya visiwa vya Wafaransa ndiyo iliyokuwa rahisi, na viwanda vya ramu vya New England, eneo la Massachusetts na majirani zake, viliitegemea. Ofisa wa forodha akipewa kitu kidogo, mapipa yalipita.

Vita vya Miaka Saba vilipoisha 1763, Uingereza ilikuwa imezama kwenye madeni. Mwaka 1764 ushuru wa molasi ulishushwa hadi peni 3, na kelele zikaanza hapo hapo! Safari hii ulikusudiwa kukusanywa kweli: manowari zilivizia pwani, na kesi za magendo zingeweza kupelekwa kwa jaji peke yake, bila jopo la raia.

Wengi hukumbuka kodi ya stempu ya 1765 na chai iliyomwagwa baharini Boston 1773. Kwa maoni yetu, kidonda kilikuwa ushuru wa bidhaa wa 1767 wa Charles Townshend, waziri wa fedha wa Uingereza, kwa kuwa mapato yake yangewalipa magavana na majaji. Mwaka 1772 ikajulikana kwamba Gavana Thomas Hutchinson sasa analipwa na Mfalme. Baraza likawa limenyang'anywa rungu lake. Novemba hiyo, mkutano wa mji wa Boston uliunda kamati ya kuiandikia miji mingine.

Oktoba 1774, Gavana Thomas Gage alifuta kikao cha Salem. Wajumbe walikutana vilevile, wakajiita Kongresi ya Jimbo, kisha wakaagiza kodi za miji zisipelekwe tena kwa mweka hazina wa serikali bali kwa Henry Gardner, waliyemteua wenyewe. Tangazo la uhuru lilikuwa bado miezi 20 mbele.