Je, wajua kwa nini mama humlilia mtoto angali hai?

Mtoto amelazwa kwa saratani ya damu. Dripu inatona, mtoto kasinzia, na mama amejifunika kanga usoni analia kimyakimya. Shangazi mtu anamkanya: "Nyamaza, unamchuria mtoto!" Kwetu kumlilia aliye hai ni uchuro, sawa na kutandika mikeka ya matanga kabla ya msiba.

Mimi sikuwa na hofu ya uchuro, lakini nilikosea kwa njia nyingine. Niliamini kwamba mama huyo analipa msiba kwa awamu: akilia leo na kesho, siku mbaya ikifika atakuwa amebakiza deni dogo. Niliwahi kumwambia hivyo jirani yangu wodini, nikidhani namfariji. Aliniangalia tu, asijibu.

Dhana hiyo ina chimbuko lake. Erich Lindemann, daktari wa akili aliyewahudumia wafiwa wa moto wa Cocoanut Grove mjini Boston mwaka 1942, ulioua watu 492, aliandika mwaka 1944 juu ya majonzi yanayotangulia kifo. Alisimulia kisa cha askari aliyerudi vitani mzima, akamkuta mkewe hampendi tena na anadai talaka. Kwa woga wa kumpoteza, mke alikuwa ameshamwomboleza hadi mwisho. Ukisoma kisa hicho ni rahisi kuamini kwamba maombolezo ni kazi inayoweza kumalizwa mapema.

Ila askari alikuwa mbali. Mtoto mgonjwa yuko mapajani. Asubuhi mama anamlisha uji, anamfuta matapishi ya dawa, anamwimbia, anabembeleza mkono uchomwe sindano. Moyo ukilegeza kamba usiku kwa woga, kukicha mikono inaifunga upya. Mama huyu anaaga na kupokea mtu yuleyule kila siku, na ndiyo maana anachoka kuliko anavyoweza kueleza.

Basi machozi yale ni ya nini? Fikiria daftari la mkopo la duka la mtaani. Ukilipa unga wa jana, umelipa unga wa jana. Sukari ya mwezi ujao haijaguswa. Mama analilia vilivyokwisha kuondoka: nywele zilizobaki kwenye mto, sare ya shule inayoning'inia msumarini, kicheko cha mtoto ambaye sasa hataki kuguswa, na wadogo zake walioachwa kwa bibi. Hayo ni madeni ya kweli, na yanalipwa kwa machozi ya kweli. Kifo, kikija, kina ukurasa wake.

Ushahidi nao hauungi mkono hesabu ya awamu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Denmark yalionyesha kwamba wauguzaji, yaani jamaa wanaomtunza mgonjwa, wenye majonzi mazito kabla ya kifo chake ndio waliokuwa wakielekea kuumia zaidi baadaye. Lakini hao ni wauguzaji wa kila namna, si mama wa watoto peke yao, na haina maana kwamba kulia ndiko kulikowadhuru.

Wala kulia si kukata tamaa. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona katika nchi tajiri, na chini ya asilimia 30 katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati. Mama anaweza kuijua hesabu hiyo, akalia, kisha akapanda daladala alfajiri kuwahi dawa. Nimeyaona yote mawili kwa mtu mmoja, siku moja.

Na kunyamazishana je? Mwaka 2004 watafiti wa Sweden waliwauliza wazazi waliofiwa na watoto kwa saratani kama waliwahi kuzungumza nao juu ya kifo. Kati ya 147 waliozungumza, hakuna aliyejuta. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta. Hiyo ni Sweden, na wengi wa walionyamaza hawakujuta pia, kwa hiyo nisingemlazimisha mtu.

Mtoto wa jirani yangu alimaliza matibabu. Ameanza tena shule. Kila usiku mama yake akimwogesha bado humpapasa shingo, upande huu na upande ule, akitafuta uvimbe.