Kipa, hicho kifundo cha mkono usikichue kwanza

Ligi za mchangani zikianza tu hapa Kigoma, sisi wa kitengo cha mifupa tunajua makipa wanakuja. Stori zao zinafanana: kijana karuka, kaangukia kiganja, mkono umevimba kidogo, jioni nyumbani wakamchua na mawese, jumapili yupo golini kafunga bandeji. Kwetu anafika baada ya miezi, hawezi hata kukamua nguo.

Mkono uliopinda hausumbui, huo kila mtu anaukimbiza hospitali. Kinachotutesa ni kamfupa kadogo kanaitwa skafoidi, kama korosho vile, kapo upande wa dole gumba. Nyanyua gumba juu utaona kishimo hapo chini yake, bonyeza. Kama umeanguka na pale panauma, sisi tunakuchukulia umevunjika mpaka tuthibitishe vingine. Na hapa ndo ugomvi unapoanza, maana eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, ufa ni mwembamba mno, sasa mtu kaambiwa picha haina shida halafu anafungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa, anaona tunataka hela yake tu. Vumilia ndugu yangu, rudi baada ya siku 10 hadi 14 tupige nyingine.

Shida ya hako kamfupa ni damu. Inaingilia upande wa vidole ndo irudi nyuma, kwahiyo kakikatika katikati kile kipande cha nyuma kinabaki na njaa, kinaweza kufa kabisa, na wewe ukikichua ndo unazidi kuviachanisha.

Vipande vikiwa bado vimekaa pamoja, hogo wiki 6 hadi 12. Vikiachana tunapasua tunaweka skrubu ndogo.

Kurudi uwanjani sasa, mimi kalenda siitazami sana. Nabonyeza kile kishimo hapaumi, picha inaonyesha mfupa umeunga, ukinibana mkono nguvu inakaribia ya upande mwingine, hapo tunaongea. Unaanza na pushapu za ukutani, kisha za chini, kudaka mipira ya taratibu, kuruka na kuanguka iwe mwisho kabisa. Kocha akisema ni fainali tu, mlete kwangu.

Kipindi cha hogo chezesha vidole, mbio piga kama kawaida daktari akiruhusu. Ila vidole vikifa ganzi au vikawa vya baridi, usisubiri tarehe ya kliniki, njoo hata usiku huohuo.