Si chuki inayomwingiza mdogo wako kundini

Hapa Kigoma, kaka akisikia mdogo wake yuko kwenye kijiwe cha kuwatukana wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, hukimbilia makofi na hoja. Anadhani chuki ndiyo iliyompeleka. Mara nyingi sivyo: kijana hutafuta wenzake na heshima, chuki hufundishwa akishakaa.

Ujerumani, shirika la EXIT-Deutschland lilianzishwa mwaka 2000 na Bernd Wagner, aliyekuwa mpelelezi wa polisi, na Ingo Hasselbach, aliyewahi kuongoza Wanazi mamboleo (wafuasi wa leo wa itikadi ya Hitler) kabla ya kujitoa. Shirika hilo husaidia wanaotaka kutoka kwenye makundi hayo waanze maisha mengine.

Ukimfukuza nyumbani (wazee wetu huipenda mno dawa hii), kundi ndilo linabaki kuwa ndugu zake. Mtafutie kazi mwaloni Kibirizi, kula naye, muulize anapata nini kule. Na kama nawe uliwahi kuwamo, mweleze ulivyotoka.