Je, wajua mikisa ya zamani hunguruma kwa noti gani?

Usiku wa kwanza nilipowasha mikisa yangu, ile mashine ya kuchanganyia sauti studioni, hakuna aliyeimba wala aliyegusa chombo, lakini spika zilikuwa tayari na wimbo wao. Mmmmmm. Nikashusha feda zote, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti. Nikachomoa maikrofoni. Nikazima taa na feni. Mmmmmm.

Shemeji yangu alikuwa ameketi kitandani, kwa sababu studio yangu ndicho chumba changu cha kulala huku Umoja, Nairobi, na kiti ni kimoja. Yeye hupiga gitaa la besi kanisani. Akalichukua, akajaribu freti ya tatu, ule mstari wa chuma shingoni mwa gitaa, kwenye uzi mnene kuliko zote, akatikisa kichwa, kisha akapiga uzi mwembamba ukiwa wazi, bila kuubonyeza popote. Akacheka.

"Shemeji, mashine yako inaimba G. Lakini imepanda kidogo."

Nilidhani ananitania. Kesho yake nikampigia fundi mmoja mzee wa Luthuli Avenue, mtu aliyefungua redio na amplifaya tangu ujana wake, nikamweleza kwamba mashine inanguruma. Hakuniuliza imetengenezwa wapi wala nimeinunua pesa ngapi. Aliuliza swali moja tu: "Ni G ya chini au ya juu, kijana wangu?"

Swali hilo lina sababu yake. Stima ya Kenya ni volti 240, na mkondo wake huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, yaani hezi 50. Noti ya G ya chini, ile ya freti ya tatu kwenye uzi wa E wa gitaa la besi, ni hezi 49. Hizo mbili zimekaribiana sana. Ngurumo iko juu ya noti kwa kama theluthi ya nusu toni, na ndiyo maana shemeji aliisikia "imepanda kidogo". Kule Marekani stima ni hezi 60, kwa hiyo mikisa ileile ikiugua huko hungurumia kati ya B bemoli na B. Sisi tumerithi mfumo wa Uingereza, plagi ya pini tatu pamoja na noti yake.

Sasa, G ya juu. Ndani ya mikisa kuna sehemu inayogeuza stima ya ukutani kuwa umeme mtulivu wa volti chache usioyumba. Transfoma hupunguza volti, kisha daiodi nne, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, huchukua lile wimbi la kwenda na kurudi na kulikunja, ule upande wa kurudi nao ukageuzwa uende mbele. Mawimbi 50 ya pande mbili yanakuwa vilima 100 vya upande mmoja. Hezi 100, oktavo moja juu, yaani noti ileile kwa kasi maradufu, karibu kabisa na G ya ule uzi mwembamba ambao ni hezi 98. Kazi ya kuvisawazisha vilima hivyo ni ya kapasita kubwa, vile vikopo vinavyofanana na betri fupi. Kila kilima kikija kapasita hujaa, na bonde likija hutoa akiba yake, mfano wa tangi la maji juu ya ploti linavyowafichia wapangaji kwamba maji ya kaunti yamekatika.

Ndani ya kapasita hizo mna majimaji, na majimaji hukauka. Mafundi wana kanuni ya makadirio kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hukatika nusu. Mikisa yangu ilitengenezwa Uingereza miaka ya 80, na nilipoinunua ilikuwa imekaa miaka mingi juu ya amplifaya katika ukumbi wa kanisa ulioezekwa mabati. Ukumbi wenyewe sasa una mashine ya kidijitali inayoendeshwa kwa tableti, na hii ya zamani ilikuwa nyuma ya jukwaa imefunikwa kitambaa cha Krismasi. Kapasita zake zilikuwa tangi lililotoboka.

"Ya juu," nikamjibu mzee.

"Basi ilete. Na usiifungue."

Nikamtii, nawe utii. Kapasita kubwa hushika umeme hata baada ya kuchomoa plagi, na upande wa transfoma unaoingia stima una volti 240 kamili. Jambo jingine la kutazama kabla ya kuwasha mikisa iliyotoka nje ni kibao cha nyuma: kama imeandikwa volti 120, ilikusudiwa Marekani, na ukiichomeka hapa bila kubadilisha mpangilio wake utasikia harufu kabla ya kusikia muziki.

Ilirudi baada ya wiki mbili, na ilipowashwa chumba kilikaa kimya kiasi cha kusikia saa ya ukutani. Furaha ilidumu mpaka nilipounganisha kompyuta. Mmmmmm. Shemeji akagusa freti ya tatu ya uzi mnene. Safari hii ilikuwa G ya chini.

Hezi 50 tupu ni ugonjwa mwingine kabisa, na mara nyingi hauko ndani ya mashine. Mikisa ilikuwa kwenye soketi ya kando ya kitanda, kompyuta kwenye soketi ya kando ya mlango. Kila moja ina waya wake wa athi, ule wa usalama wa kupeleka umeme ardhini, unaoshuka ukutani, na mimi nilipopitisha kebo ya sauti kati yake nikawa nimefunga duara kubwa: kutoka mikisa hadi kompyuta kwa kebo, kisha kurudi kwa njia ya athi za ukutani. Duara la waya lililo karibu na stima hunasa sumaku yake, na kimkondo kidogo huanza kuzunguka humo kwa mwendo wa stima yenyewe. Mikisa haijui kwamba huo si muziki. Inaukuza tu.

Hapa ndipo watu wa Nairobi hufanya ujanja wa hatari. Tumeshazoea kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, kwa hiyo mtu akisikia kwamba kelele inapitia athi, anakata athi. Kelele huisha kweli. Lakini siku waya wa ndani ukigusa bodi la chuma, athi ndiyo iliyokuwa iupeleke umeme ardhini; ukiikata, njia iliyobaki ni mwimbaji aliyeweka midomo kwenye maikrofoni. Dawa ni kuchomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja ili duara liwe dogo, na kutumia kebo zenye nyaya mbili za ishara. Katika kebo hizo sauti hupita katika waya mmoja ikiwa imesimama na katika wa pili ikiwa imepinduliwa. Kelele ikiingia njiani huingia kwenye zote mbili kwa namna moja. Mwisho wa safari mikisa hutoa moja kutoka nyingine, kelele inajifuta, na sauti inabaki ikiwa maradufu. Ekstensheni yangu ilinigharimu nauli ya kwenda mjini na kurudi, zaidi kidogo.

Tahadhari: usiitafute G ya chini kwa spika ya simu. Spika ndogo kiasi hicho haiwezi kutoa hezi 50. Itakupa zile noti za juu zinazoandamana nayo, nawe utamwambia fundi habari za uongo. Tafuta hedifoni za kuziba masikio, au mpiga besi.

Baada ya kuwinda ngurumo kwa mwezi mzima niligundua kwamba nimejifunza mikisa bila kukusudia. Ina chaneli 16, kila moja ina vifundo 11; ukihesabu ni 176, na kabla ya hapo kuvitazama tu kulinichosha. Lakini kila nilipotafuta kelele inaingilia wapi nililazimika kuifuata sauti kutoka juu hadi chini: inaingia kwa geini, kifundo cha kuikuza sauti, inapita kwenye vifundo vya sauti nyembamba, ya kati na nzito, inachepuka kidogo kwenda kwenye mwangwi au hedifoni za mwimbaji, inagawanywa kushoto na kulia, inafika kwenye feda, kisha inaungana na wenzake kwenye feda kuu. Chaneli ya pili ni hivyohivyo. Ya kumi na sita pia.

Katika vyote hivyo, kifundo kinachonifanya nisimame kila mara ni cha kwanza, geini, na bado nakutana na maprodyuza wanaokigusa mwisho. Maikrofoni ya kawaida mbele ya mwimbaji hutoa kama milivolti 2. Mikisa nyingi za kitaalamu hufanya kazi kwenye volti 1.23, pale sindano ya mita inaposoma sifuri. Kutoka huko hadi huku ni kukuza mara mia sita hivi. Suali ni ukuzaji huo ufanyike wapi.

Fikiria umekaa kiti cha nyuma cha matatu iliyofungulia muziki na unataka kushuka. Ukisema "shukisha!" kwa nguvu, abiria wa mbele yako wakipokezana hadi kwa kondakta, neno linafika. Ukinong'ona, wa kwanza anapitisha mnong'ono uliochanganyika na ngoma, wa pili anapitisha mnong'ono na ngoma zaidi, na hata abiria wa mwisho akipiga kelele kiasi gani, anachokipigia kelele ni ngoma. Mikisa iko hivyo. Kila hatua ndani yake huongeza mchakacho wake mdogo. Geini ikiwa chini halafu ukainua feda kuu kufidia, unaikuza sauti pamoja na takataka zote zilizoingia katikati. Kwa hiyo mwambie mwimbaji aimbe pale anapopaza zaidi, wala si pale anaposema "moja, mbili, jaribio". Bonyeza kitufe cha kusikiliza chaneli hiyo peke yake, zungusha geini mpaka sindano icheze kwenye sifuri, ndipo uende kwingine. Kwenye kompyuta mita zake zitasoma takribani desibeli -18, nawe utaona kama ni kidogo mno. Si kidogo. Iache hapo.

Watu husema mikisa za zamani zina "joto". Lipo, kidogo, hasa zile zenye transfoma. Ila kwa maoni yangu nusu ya joto hilo ni mtu aliyelazimika kutega geini kwa makini kwa sababu hakuwa na kitufe cha kufuta.

Hata ukitega vizuri, chini kabisa utabaki na shhhh nyembamba. Hiyo usiitafutie fundi. Mwaka 1928 John B. Johnson na Harry Nyquist wa Bell Labs, maabara ya simu ya Marekani, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba elektroni ndani ya kipande chochote kinachopitisha umeme kwa ugumu hutetemeka kwa sababu ya joto lake, na mtetemo huo ni kelele. Kwa maikrofoni ya omu 150 (kipimo cha ugumu huo) katika chumba cha kawaida, ni kama mikrovolti 0.22. Ndogo, lakini ikizidishwa mara mia sita inasikika. Mikwaruzo unayosikia ukizungusha kifundo ni jambo dogo zaidi, vumbi na uchafu kwenye njia ya kaboni. Pulizia dawa ya kusafishia swichi, zungusha mara ishirini. Mafuta ya bawaba yasikaribie feda.

Kuna ujanja mmoja ambao umeniokolea pesa. Kadi yangu ya sauti, ile inayoingiza sauti kwenye kompyuta, ina matundu manane, na mikisa haina matundu ya kutolea kila chaneli peke yake. Lakini ina tundu la insati, la kuunganisha vyombo vya nje, ambamo sauti hutoka kwa ncha ya jeki, yaani plagi ya sauti, na kurudi kwa pete yake. Kwenye mikisa nyingi za aina hii, ukiingiza jeki ya kawaida nusu tu, mpaka ule mlio wa kwanza wa "tak", sauti inakwenda kwenye kompyuta na wakati huohuo inaendelea na safari yake kwenye mikisa. Hivyo mwimbaji hujisikia kwenye hedifoni moja kwa moja bila kungoja kompyuta. Kompyuta ikishika sampuli 256, yaani vipimo vidogo vya sauti, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, huchelewesha milisekunde 5.8 kuingia na nyingine kama hizo kutoka. Ni muda mfupi, ila mwimbaji anajisikia kana kwamba kuna mtu anamuigiza.

Jumamosi iliyopita tulirekodi. Shemeji alipiga, dada yake akaimba, dirisha limezibwa kwa blanketi mbili, mita zimetulia. Katikati ya ubeti wa pili stima ikapotea. Tukabaki gizani, na kitu cha ajabu kikatokea: ukimya ulizidi ule niliodhani ni ukimya. Friji ya jirani ilikuwa imenyamaza. Transfoma ya taa za ngazini ilikuwa imenyamaza. Ploti nzima ilikuwa ikiimba G miaka yote hii.

Dakika kumi baadaye zikarudi zote pamoja, kila moja na oktavo yake. Shemeji akapapasa gizani, kwa sababu balbu yangu ilikuwa imeungua, akapiga freti ya tatu.

"Bado imepanda," akasema.